Nusu ya Kidonge cha Mama Vifungo

12 Februari

Mwanangu Chiriku,

Nakusalimu kwa mkono wa kulia, huo huo wenye matatizo, kwa hiyo usishangae ukiona herufi zinakimbizana. Hujambo? Mashuka ya hoteli unayoyapiga pasi yanakupa hata nafasi ya kupumua? Na ule mgongo? Mimi ni mzima ukiuondoa mkono. Ukiondoa na masikio, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu tunabaki kupigiana kelele mpaka majirani wanajua habari zetu zote.

Sasa nisikilize. Kule kutetemeka kumezidi. Juzi nilifungua saa ya mkononi ya mteja, skrubu ndogo kuliko ufuta ikaniruka, nikapiga magoti kuitafuta chini ya meza mpaka mteja akanihurumia. Fundi saa akishahurumiwa na mteja, afunge duka. Na mimi kazi nyingine siijui wala sitaki kuijua.

Nikaenda hospitali ya chuo kikuu. Daktari wa huko ni binti wa umri wako. Alinivutia kiti akaniuliza kama ningependa kuingia kwenye utafiti wa dawa, akanieleza taratibu kama anayezungumza na mzazi wake. Kuna dawa mpya ya ugonjwa huu wangu. Walianza kwa kuwapa watu wachache wazima waone kama haidhuru, kisha wagonjwa wachache. Sasa wanataka kujua kama kweli inasaidia, na hilo hulijui kwa kumtazama mtu mmoja, unalijua kwa kulinganisha wengi. Nusu yetu tutapewa kidonge chenye dawa, nusu kidonge kitupu. Sura moja, rangi moja, ladha moja. Kompyuta ndiyo inayopiga kura. Mimi sitajua nimepata kipi, na daktari naye hatajua, asije akaniona nimepata nafuu kwa sababu tu anatamani nipate nafuu.

Nikamuuliza, na nikichoka je? Akasema nitaondoka siku nitakayo, hakuna atakayeninunia, na matibabu yangu ya kawaida hayataguswa. Hakunisainisha siku ile. Alinipa karatasi nikazisome nyumbani, nikazisoma, nikarudi nikasaini.

Unanionaje?

Baba yako,
Fundi


2 Machi

Baba Fundi,

Shikamoo. Mgongo haujambo, unasalimia. Hapa ni mvuke tu toka asubuhi. Mashuka meupe yanatoka kwenye mashine ya pasi, yanapita mbele yangu moja baada ya jingine, hayana mwisho, mpaka nasinzia nimesimama. Jana nilikuona kabisa upande wa pili wa mvuke, umeinamia meza yako na kile kioo chako jichoni. Nikakuita. Mwenzangu akanifinya.

Umeniuliza nakuonaje. Nakuona umepotea. Wakujaribie dawa kama sungura? Na hicho kidonge kitupu ndiyo nini, mgonjwa amezeshwe unga halafu aambiwe asante kwa kuja? Tangu Mama atutoke nimebaki na wewe peke yako, Baba. Sina wa akiba.

Halafu nimeona ujanja wako. Umeshasaini, ndipo unaniuliza maoni. Basi niambie angalau nani anawachunga hao madaktari, na ukizidiwa unampigia nani, wewe usiyesikia simu.

Mwanao,
Chiriku


20 Aprili

Chiriku wangu,

Salamu zako zimefika, na ukali wake umefika pia. Natumaini u mzima na hujalala tena kazini.

Ngoja nikujibu. Sungura haulizwi, mimi nimeulizwa. Anayewachunga madaktari ni kamati ya maadili, ambayo ina uwezo wa kuusimamisha utafiti ikiona watu wanaumia. Nikizidiwa, jirani yangu anayo namba ya muuguzi. Na kile kidonge kitupu kina kazi yake. Daktari alisema, sote tukipewa dawa na sote tukajisikia vizuri, tutajuaje kama ni dawa, au ni matumaini tu, au ni kule kujua kuna mtu anakuulizia hali kila mara? Lazima wawepo wa kulinganishwa nao. Nilikubali bila ubishi. Hata mimi nikibadilisha kitu kwenye saa, naiweka pembeni ya saa ambayo sijaigusa, nione kama kweli imebadilika.

Lakini mwanangu, nadhani nimepata chenye dawa. Naota. Sijawahi kuota namna hii tangu ujana. Naota duka limejaa maji mpaka darini, maji safi ya uvuguvugu, na saa zote zimefunguka zinaelea kando yangu, magurudumu yake yanazunguka bila sauti. Nanyoosha mkono, nachukua skrubu katikati ya maji, naitia mahali pake. Mkono umetulia kabisa. Mama yako yuko mlangoni, anatazama tu kama alivyokuwa akitazama. Naamka nimefurahi, na asubuhi nzima mkono unakuwa mpole. Hospitali, kuupima mkono, wananichoresha mviringo unaojizungusha kama gamba la konokono, na wa safari hii muuguzi aliutazama mara mbili.

Sasa kuna mwenzangu wa benchi. Ni fundi cherehani, wanamwita Mama Vifungo kwa sababu mfukoni hakosi vifungo, anavichezea akisubiri zamu yake, vinasikika kabla hujamwona. Mjane. Mcheshi kupita kiasi. Ukumbi ule una madirisha marefu, jua la asubuhi linaingia linalala miguuni petu, tunazungumza mpaka tunasahau tumefuata nini. Yeye haoti chochote. Mkono wake unazidi kuharibika, hata uzi sasa anatungiwa na wateja. Alinieleza hilo huku anacheka, mimi roho ikaniuma vibaya sana.

Nikafikiri: huyu amepata kitupu, na mimi ninacho cha kweli. Nile peke yangu nikiwa nimekaa naye benchi moja? Nimeshindwa. Hospitali wanahesabu vidonge vinavyobaki, kwa hiyo siwezi kumpa tu vyangu. Nikakata. Ule wembe wangu wa saa unapasua kidonge katikati bila kumwaga hata chembe. Kila asubuhi anapita dukani, nampa nusu yangu, ananipa nusu yake, hesabu inabaki sawa. Alikataa kwanza. Nilimbembeleza wiki nzima.

Usinisifu sana.

Baba yako,
Fundi


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimepiga simu jana na leo na kila mara ukasema "Nini? Nini?" ukakata. Kwa hiyo pokea kwa maandishi: acheni leo hii, na mkamwambie daktari.

Sikusifu hata kidogo. Yule mama umeujua moyo wake? Umejua anakunywa dawa gani nyingine nyumbani? Yeye alipimwa na wataalamu, wewe umempimia kwa wembe. Akianguka nyumbani kwake, daktari atadhani anajua alichompa, kumbe hajui.

Na jambo la pili. Umenieleza mwenyewe kwamba wanalinganisha. Sasa wewe umechanganya. Dawa ikiwa nzuri itaonekana ya kawaida, ikiwa mbaya itaonekana nafuu, na wagonjwa wote watakaokuja baada yenu watatibiwa kwa kufuata hayo. Wapo watu wengi sana nyuma ya benchi lenu, Baba, ila huwaoni.

Najua ulifanya kwa upendo. Ndiyo maana nimelia badala ya kukasirika, halafu nikakasirika. Sitaandika tena mpaka uniambie umesema.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Naanza kwa kuomba radhi kwa ukimya. Natumaini u mzima, na kwamba barua yangu bado unaifungua. Mimi nipo. Mkono uone mwenyewe.

Tulisema. Tulikwenda pamoja siku ileile niliyopata barua yako, hatukusubiri tarehe yetu. Mama Vifungo alitangulia kuingia, mimi nikamfuata. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Aliinama akashika paji la uso, kisha akauliza nani alikuwa anakata, nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Akasema ametueleza mengi siku ya kwanza, ila hakufikiria kutukataza kupendana. Akaandika taarifa kwa kamati, akatusimamisha vidonge sote wawili, lakini akaomba tuendelee kuja kupimwa, kwa sababu hata makosa yetu yanatakiwa yajulikane. Tumeendelea kuja.

Nilipoacha vidonge, zile ndoto zilikaa siku chache tu zikaondoka. Maji yalishuka taratibu dukani, saa zikatua mezani, na siku ya mwisho Mama yako hakuwepo mlangoni. Sikuandika kwa sababu hiyo pia. Sikujua nikuambieje kwamba nimemkosa mara ya pili.

Sasa utafiti umefungwa. Walituita ukumbini wakatueleza: dawa inasaidia. Haiuondoi ugonjwa, inautuliza mkono, na huanza kazi polepole, baada ya miezi. Sote tutapewa, hata waliokuwa na kitupu. Halafu wakasema anayetaka kujua alikuwa anameza kipi aingie chumba cha pili aambiwe.

Mama Vifungo aliingia, akatoka. Chake kilikuwa cha kweli. Toka mwanzo.

Mimi sikuingia. Nilitoka nje nikasimama pale wanapoegesha baiskeli mpaka watu wote wameondoka. Unaelewa kwa nini? Kama na changu kilikuwa cha kweli, tulibadilishana kitu kilekile, hakuna aliyepoteza. Lakini kama changu kilikuwa kitupu, basi kila asubuhi nilikuwa nampa unga na kumnyang'anya nusu ya dawa yake, halafu anashukuru. Anashukuru, Chiriku. Alikuwa anapita dukani na kuniambia Mungu akuzidishie.

Na sasa anataka tuhamishe cherehani yake iwe dukani kwangu. Mtu anajua maana ya hilo. Nami nataka, sikufichi, nataka mno. Lakini siwezi kumtazama usoni nikiwa sijui, na kujua naogopa. Nimewaandikia hospitali ruhusa ya kukuambia, wewe ndiye wa karibu yangu. Wapigie. Kisha niambie kile utakachoona kinafaa kuniambia.

Baba yako,
Fundi


28 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo mzima, mimi mzima, barua zako nazifungua zote hata nikiwa nimenuna.

Nimezungumza na daktari wako. Nimetembea na jibu siku kadhaa katikati ya mvuke, nikijaribu kulikunja vizuri kama shuka. Halikunjiki. Nilikuwa na uwongo mzuri tayari, Baba, ungeuamini, na ungeoa kwa furaha.

Lakini ungeishi naye nyumba moja na jambo ambalo mimi nalijua na ninyi wawili hamlijui. Siwezi kukuwekea mtu wa tatu ndani ya nyumba.

Vyako vilikuwa vitupu. Vyote.

Zile ndoto zilikuwa zako mwenyewe. Daktari anasema hutokea, mtu akitumaini kwa nguvu mwili humsikiliza kwa muda. Mama alikuja mlangoni bila kuletwa na dawa yoyote.

Nilimuuliza daktari kama Mama Vifungo ameumia kwa zile nusu. Akasema huenda amechelewa kupata nafuu, hawezi kusema zaidi ya hapo, na hatanidanganya ili nijisikie vizuri. Kwa hiyo nami sikudanganyi. Nenda kamwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla cherehani haijahama.

Nakupenda. Nilitaka ulisome hilo baada ya yale mengine, siyo kabla.

Mwanao,
Chiriku


14 Novemba

Kwa Chiriku,

Usishtuke kwa mwandiko usioujua. Hujambo, mwanangu, na huo mgongo ninaousikia kila siku? Anayesema ni baba yako, amekaa dirishani, mikono yake ameilaza mapajani. Kalamu imemkataa tangu mwezi uliopita. Anayeandika ni mimi, Mama Vifungo.

Anasema: mimi ni mzima, nasikia vibaya kama zamani. Saa za mkononi nimeziacha. Nimebaki na za ukutani, zina skrubu za watu wazima. Siku nilipoirudisha saa ndogo ya mwisho bila kuitengeneza, nilikaa nikalia, na sioni haya kukuambia.

Anasema: nilimwambia. Alikuwa amesimama hapo mlangoni. Akaondoka bila kuaga, akaninunia mpaka mwezi ukaisha.

Hapo anakudanganya, nasema mimi Mama Vifungo. Sikumnunia, nilimkasirikia, na hayo ni mambo mawili. Nilikasirika kwa sababu ule mkono ni wangu, ndio unaonilisha. Nilikaa nyumbani na hasira yangu, nikaihudumia vizuri. Halafu asubuhi moja nikajikuta nimeshavaa viatu, wakati wangu ule wa kupita dukani, na sikuwa na kidonge cha kumpelekea. Nikaenda hivyohivyo. Tulikaa tu mpaka mchana, jua likituingilia mlangoni. Nilijisikia kama niko ndani ya zile ndoto zake za maji.

Cherehani imeshahamia. Iko upande wa kushoto, saa zake upande wa kulia. Dawa tunayo sote sasa. Kila mtu anameza chake kizima, mbele ya macho ya mwenzake, na wembe ninao mimi.

Sasa anasema niandike kwamba alininyang'anya nusu ya dawa yangu. Nimemwambia hayo yamekwisha. Anasema hayajaisha mpaka yaandikwe kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyemtuma aseme. Tumebishana hapa mpaka chai imepoa. Haya, naandika.

Nilimnyang'anya nusu ya dawa yake.

Nimeliandika mimi, binti yangu, kwa mkono wangu huu. Litazame mstari wake ulivyonyooka. Nimemwonyesha na yeye. Ameiweka karatasi karibu na macho, ameutazama sana, na hata sasa aliponirudishia niimalizie barua mezani kwangu, bado anautazama kwa mbali.

Baba yako, Fundi,
na ukinikubali,
Mama yako