Magunzi Matupu

Jumapili, Machi

Mahindi yametoa magunzi matupu, na ni mimi niliyesema kisimani kwamba jirani yetu Bibi Holo kayaroga.

Leo binti yangu Kabula, anayesomea mimea chuoni, kapiga simu. "Mama, ni joto. Ndani ya chavua, ule unga wa maua, kuna protini zinazoshika ujumbe uitwao RNA mpaka muda wake ufike. Joto likizidi zinashindwa, chavua inakufa, na gunzi halipati punje."

Nikamwambia nimeshamtaja Bibi Holo kuwa mchawi.

Akasema, "Mama, huko kwetu aliyetajwa huuawa."

Jioni nimekwenda kumsalimia Bibi Holo. Shamba lake nalo ni magunzi matupu. Sikuwahi hata kutazama.

Kesho kisimani nitayafuta maneno yangu mbele ya wale wale niliowaambia. Naogopa yameshafika mbali.