Mdomo wa Bi Consolación

Oton, Iloilo, Ufilipino
18 Februari

Mpendwa Dada Delfa,

Hujambo huko Kaohsiung, Taiwan? Mgongo unaendeleaje, na yule mzee unayemuuguza, Babu Lin, bado hali chakula mpaka umwimbie? Sisi huku wazima, ila Mama hana raha tangu tamthilia yake ya jioni iishe. Anakaa mbele ya televisheni kama mfiwa.

Basi nimezua jambo, na usinicheke. Naanzisha tamthilia yetu wenyewe mtandaoni, mchezo wa kuandikiana. Kila mchezaji anachagua mhusika, anafungua ukurasa kwa jina la mhusika huyo, anaandika anachosema na anachofanya. Mwenzake anamjibu. Hadithi inakwenda hivyo hivyo, na hakuna ajuaye kesho itakuwaje. Kila kitu kimo: shamba la miwa la ukoo wa Villaruz, pacha walioibwa hospitalini, mtu aliyepoteza kumbukumbu, makofi ya mashavuni. Makofi mengi!

Sheria ni moja tu. Humsemei mhusika wa mwenzako. Mdomo wake ni wa mwenyewe.

Nina watu sita, lakini wote wanataka kuwa wema wanaolia. Sina mwovu. Njoo basi Dada, hata kwa dakika chache Babu akisinzia.

Mdogo wako,
Jinky

Kaohsiung
22 Februari

We Jinky,

Nimekusoma kwenye basi, nikacheka mpaka mama mmoja akahama kiti. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Babu Lin anakula. Siku hizi anadai nyimbo zetu za kanisani, na haelewi hata neno moja.

Nakuja, na uovu huo nautaka mimi. Niandike Bi Consolación Villaruz, mjane, mwenye shamba, lulu shingoni. Amemfukuza bintiye kwa sababu ameolewa na mkata miwa. Hatabasamu. Ukimwomba kitu, anakuangalia kwanza toka miguuni hadi utosini. Umewahi kuniona mimi nikimwangalia mtu hivyo? Basi ndiyo raha yenyewe.

Mwambie Mama awashe taa akiangalia televisheni, ataharibu macho.

Dada yako,
Delfa

Oton
9 Machi

Bi Consolación mtukufu,

Naupokea mkono wako na kuuweka kwenye paji la uso wangu, kama tunavyowaamkia wakubwa! U mzima lakini? Sisi wazima kabisa, na tumefika wachezaji zaidi ya thelathini. Wanakuogopa hao, we acha tu.

Unamjua anayecheza Esperanza, yule binti uliyemfukuza? Anaitwa Tonton, mlinzi wa benki kule Davao, ana masharubu na watoto wanne. Lakini mwanamume yule anajua kulia jamani! Jana kampigisha Esperanza magoti mbele ya lango lako, mvua inamnyeshea, mtoto mgongoni: "Mama, nirudishe nyumbani." Sasa wote wametoa macho, wanangoja utasema nini.

Namsomea Mama kila jioni. Hajui kuwa Bi Consolación ni wewe, anakutukana hadharani. "Mwanamke hana utu huyu!"

Halafu kuna jambo moja dogo. Mama amewaambia wajomba kwamba mkataba wako ukiisha Juni utatia saini mwingine wa miaka mitatu, ili ghorofa ya kaka Rommel imalizike. Aliniuliza utaonaje, nikamwambia Dada hana neno. Lini wewe umewahi kukataa?

Mdogo wako,
Jinky

Kaohsiung
13 Machi

Mpendwa Jinky,

Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo.

Usikubali wakuharakishe. Jibu la Bi Consolación ninalo, nalipika taratibu. Naandika kwenye basi, nafuta, naandika tena. Waambie wangoje.

Mengine sina.

Delfa

Oton
Jumamosi Kuu, 30 Machi

Dada yangu,

U mzima kweli? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Sisi tuko salama, tumeshinda njaa jana na maandamano ya Ijumaa Kuu yametumaliza miguu.

Sasa nisikilize usinipigie kelele. Unajua Wiki Takatifu tamthilia zote huzimwa, ni misa na sinema za zamani za mitume. Nchi nzima iko nyumbani na simu mkononi. Watu wakajaa kwenye mchezo wetu, na Esperanza bado kapiga magoti mvuani! Tonton akalalamika kuwa binti atakufa kwa nimonia. Wengine wakaanza kuaga.

Basi nikakujibia. Bi Consolación kafungua lango, lulu zikakatika zikatawanyika kwenye matope, kamkumbatia bintiye, akasema, "Nilikusamehe zamani, mwanangu." Dada, watu walilia! Mama alilia mpaka uji wake wa nazi na viazi vitamu ukaungulia jikoni.

Najua, sheria niliiweka mimi mwenyewe. Lakini nilijua hutajali.

Jinky wako

Oton
7 Aprili

Dada, habari za huko? Naona umeusoma ujumbe wangu. Mbona hunijibu? Umekasirika? Wewe hukasirikagi.

Jinky

Kaohsiung
14 Aprili

Jinky,

Salamu. Babu Lin alianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Nimekuwa nikilala kwenye kiti kando ya kitanda chake hospitalini, simu nimeizima. Amefanyiwa upasuaji, anaendelea vizuri, ameshaanza kudai nyimbo.

Nilikusoma nikiwa nimesimama koridoni. Nilikasirika. Unasema sikasiriki, kwa hiyo nisikie sasa.

Jibu la Bi Consolación lilikuwa "Hapana." Hilo tu, na lango linabaki limefungwa. Nililiandika kila siku kwenye basi ili nilizoee, kwa sababu mimi neno hilo sijawahi kulisema nyumbani kwetu. Nilipoacha chuo ili Rommel asome, nani aliniuliza? Kuja huku nako, nilikuta mmeshakaa mezani mmeshakubali kwa niaba yangu. Na sasa Juni mmeniamulia tena, na wewe ndiye uliyenisemea.

Nataka kurudi nyumbani, Jinky. Nimechoka. Sina haja na ghorofa, paa lililopo linanitosha. Nilidhani nikimwona Bi Consolación anasema hapana mbele ya watu wote, na mbingu isianguke, labda na mimi ningeweza. Wewe ukamfungulia lango, ukamliza. Hata mtu mwovu wa kubuni, akishakuwa wangu, lazima awe mpole.

Usinijibu haraka haraka.

Delfa

Oton
17 Aprili

Dada,

Pole kwa kuuguza, pole kwa mgongo, na unisalimie Babu. Aibu imenijaa, sijui hata niandike vipi.

Nimeyafuta yote. Nimewatangazia kuwa yale hayakuwa maneno yako, ni mimi niliyevunja sheria. Wengine wamenitukana na wengine wamejitoa. Tonton akaandika tu, "Basi Esperanza arudi mvuani, ameshazoea."

Lakini kikubwa si hicho. Jana nilikuwa namenya vitunguu na Mama. Akasema, "Karatasi za mkataba zimefika kwa wakala wa kazi. Dada yako atasaini tu, au wewe unaonaje?" Dada, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga. Nikamwambia, "Sijui Mama. Mpigie umuulize."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimuulize nini? Si Delfa huyu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, huyo huyo. Muulize." Amenuna mpaka sasa. Nadhani atakupigia Jumapili akitoka misani. Sijamwambia unataka nini, na nimejizuia kweli kweli. Nisamehe. Au usinisamehe, ukitaka.

Mdogo wako,
Jinky

Kaohsiung
24 Aprili

Mpendwa mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Babu Lin anasimama kwa mkongojo, ananipigia kelele kwa Kichina, dalili njema hiyo.

Mama alipiga. Alianza na afya, akaja kwa majirani, akaja kwa mbwa wa majirani. Kisha akasema, "Karatasi zimefika, utasaini, sivyo?" Nikajaribu kuiga ile sauti ya Bi Consolación. Wapi! Neno lilitoka dogo, kama la mtoto anayekataa dawa. "Hapana, Mama."

Akadhani simu imekatika. "Haloo? Haloo?" Ikabidi nilirudie! "Hapana, Mama. Sisaini. Nataka kurudi nyumbani."

Akalia. Akataja ghorofa, akataja wajomba na aibu atakayoiona. Nilitaka kumwambia basi Mama, nitasaini, lilikuwa limeshafika kooni. Nikamsikiliza tu. Akanikatia simu, nami nikakaa ngazini nikalia mpaka kwikwi zikanishika. Siku mbili hakupiga tena, na mimi sikulala vizuri.

Leo asubuhi, namnyoa Babu ndevu, simu ikalia. Hakunisalimu. "Delfa, kile chumba chako Rommel amekijaza saruji. Nimwambie aitoe, au unataka kulala chumbani kwangu?"

Nikabaki na wembe mkononi. Jinky, Mama ameniuliza ninachotaka mimi.

Nikamwambia anipe mpaka kesho, nifikirie.

Dada yako,
Delfa