Kwa Binti Yangu Aliyeizima Redio ya Kinoo

Mpendwa Mama,

Wasomaji wa jarida la parokia watashtuka. Watasema mzee wa redio amezeeka mpaka anawaandikia marehemu. Wacha niwatoe wasiwasi. Huyu mama ninayemwandikia ana miaka thelathini na minne, yuko Uskochi anasoma, na mimi ndiye niliyemzaa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo tangu siku uliyozaliwa, Wairimu, nimekuita Mama, na wewe hukungoja kufundishwa cheo chako. Ulipokuwa na miaka mitatu ulikuwa tayari unaniuliza kama nimekula, na kama nimeosha mikono.

Barua hii ningeweza kuitia kwenye bahasha na kuilamba kama watu wengine. Lakini wewe uliniombea msamaha hewani, mtaa wetu wote wa Kinoo ukisikiliza. Mimi siwezi kukuomba wa kwangu chini ya meza. Ndiyo maana nimempa Padri nakala, na nimemwonya asinirekebishie Kiswahili. Nilifika darasa la tano, na hilo la tano lenyewe nililiona kwa dirisha.

Unakumbuka kile kisa cha shosho yako, mama yangu, na kuku? Ulikuwa unanilazimisha nikirudie kila Krismasi. Enzi hizo mtu alikuwa analipia leseni ya kuwa na redio nyumbani. Si ya kutangaza. Ya kusikiliza tu! Mkaguzi akatokea bomani, na shosho yako, badala ya kutoa leseni ambayo hakuwa nayo, akaisukuma redio chini ya kuku aliyekuwa analalia mayai. Akasahau kuizima. Basi mkaguzi ameketi kwenye kigoda, anakunywa uji wa watu, na pale kwa kona kuku anasoma taarifa ya habari ya saa saba. Shosho hakutingishika. Akamwambia, "Huyo kuku nilinunua mission. Alisoma."

Sisi sote tulikuwa tunacheka mpaka machozi, isipokuwa wewe. Wewe uliniuliza, mukimo umejaa mdomoni, "Baba, kwa nini shosho alipie masikio yake?" Nilikwambia umeze kwanza.

Nadhani hilo swali ndilo lililokupeleka chuo kikuu. Ulipoajiriwa kwenye ofisi inayogawa masafa ya redio na televisheni, niliwaambia mafundi wenzangu wa redio kule Ngara, "Mama yangu amepata kazi ya serikali. Anachunga upepo." Walicheka wiki nzima, na mimi niliringa mwaka mzima.

Halafu kuna ile Jumapili niliyokuja kwako Kileleshwa kukufungia antena. Nilikuwa nimesimama kwenye stuli pale barazani, skrubu mdomoni, na wewe chini umeishika ile stuli kana kwamba ndimi mtoto. Ukaniambia mambo ambayo bado nayakumbuka. "Baba, zamani kulikuwa na sauti moja na askari langoni. Sasa lango limefunguliwa, na kila mtu anaingia na spika yake. Kazi yetu si kunyamazisha watu. Ni kuona hakuna anayemfunika mwenzake."

Nikakwambia, "Kwa hivyo nyinyi ni wale wazee wa kugawa maji ya mfereji."

"Eeh. Ukifungulia maji yote yaende shamba lako, jirani atapika na nini?"

Nilikubali kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa na skrubu. Sasa nikiri mbele ya waumini wote: wakati nakubali hivyo, mtambo wangu wa kutangazia ulikuwa umeshapanda kwenye mti wa mukima nyuma ya zizi, mwezi wa pili huo, na Kinoo ilikuwa inanisikiliza.

Lakini ilikuwa redio tamu, Mama! Niliiunda kwa mikono yangu, vipuri vya Ngara, betri ya lori na kijisanduku cha biskuti. Jumamosi na Jumapili mchana. Nilisoma matangazo ya vifo, mbuzi waliopotea, harambee za kanisa, na nani ameuziwa maziwa yenye maji. Watu walinipigia simu, nami naiweka hiyo simu mbele ya maikrofoni, tunacheka. Niliwatania wote. Zaidi niliwatania watu wa magharibi mwa nchi, ugali wao na kuku wao, kwa sababu mpangaji wangu Wafula, yule fundi wa mawe, mwenyewe wa huko, alikuwa anacheka sana. Ndivyo nilivyoona mimi, kwamba anacheka sana.

Ile Jumamosi uliyokuja, gari lenu la antena lilikuwa limeuzunguka mtaa mara tatu. Mwenzako alinisimulia baadaye, kwa masikitiko, kwamba mshale wa chombo chenu ulipoelekea lango letu alikwambia, "Madam, inatoka hapa." Nawe ukasema, "Hapa ni kwetu." Akakuuliza kama mrudi ofisini, aje mtu mwingine siku nyingine. Ukafungua mlango wa gari.

Mimi nilikuwa hewani. Nikakuona mlangoni na koti lako la kazi, nikatangaza kwa furaha, "Wapendwa, studio imepata mgeni. Ni Mama!"

"Baba, zima."

"Ngoja nimalize vifo."

Uliangalia karatasi mkononi mwangu. Mtu mwingine angevuta waya. Wewe ulisema, "Malizia huyo mmoja. Wafiwa wanangoja." Ukasimama, mikono nyuma, mpaka nikataja siku ya mazishi na mahali pa kukutana. Kisha ukaichukua maikrofoni mkononi mwangu, polepole, jinsi mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Uliwaambia wasikilizaji jina lako na kazi yako. Ukasema wiki iliyopita mama mmoja hapa Kinoo aliitiwa ambulensi, na dereva hakuweza kusikia anaelekezwa nyumba gani, kwa sababu kwenye simu yake ya upepo ilikuwa inaingia sauti ya mzee mmoja akisoma vifo. Yule mama akajifungulia kwenye pikapu, barabarani. "Huyo mzee ni baba yangu," ukasema. "Mtoto yuko hai. Kwa niaba ya nyumba yetu, naomba mtusamehe." Ukazima.

Hukumtaja jina, lakini mimi nilimjua. Ni Nekesa, mke wa Wafula, mpangaji wangu mwenyewe. Tena pikapu ilikuwa yangu. Na Jumamosi ile ile, kabla hujafika, nilikuwa nimempongeza hewani, nikasema watoto wa siku hizi wana haraka.

Badala ya kuona haya, nikaona hasira. Ulitoa fomu. "Jina la mwenye mtambo?"

"Wewe hulijui?"

"Mimi nalijua. Fomu hailijui."

Nilikutajia majina yangu yote manne, hata la ubatizo ambalo silitumii. Kisha nikakwambia lile neno. Nikasema, "Andika haraka uende, Afisa. Mama yangu alikufa zamani."

Kalamu yako ilisimama. Halafu ikaendelea.

Tangu hapo sikukuita Mama tena. Miezi ikapita. Ulipopata nafasi ya kwenda kusoma, ulikuja kuaga. Ukapiga magoti pale mlangoni, ukafungua viganja vyako mbele yangu nivitemee mate ya baraka, kama mzazi wa kwetu anavyofanya mtoto akienda mbali. Mbele ya shangazi zako wote. Nikasema mdomo wangu umekauka, nikaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Sasa nikusimulie jambo usilolijua. Mtambo uliochukua siku ile ulikuwa mmoja. Mitambo ilikuwa miwili. Usikasirike, fundi ana sufuria ya akiba kama mama yeyote. Huo wa pili ulilala ghalani, chini ya magunia ya mahindi.

Zikaja zile wiki mbaya baada ya kura, majirani wakifukuzana kwa kabila. Wewe ulikuwa huko mbali. Wakubwa wa serikali wakazima matangazo yote ya moja kwa moja, ya wazuri na wabaya, kama mtu anayefunika nyumba nzima kwa blanketi kwa sababu mmoja ndani anakohoa. Ulimpigia simu mama yako, yule aliyekuzaa, maana Mama kwangu ni wewe, nikamsikia anarudia maneno yako jikoni: "Anasema kuzima wote si kusimamia, ni kuogopa." Nikajifanya sisikii. Lakini nikasema moyoni, huyu anawapinga hata wakubwa wake.

Na wakati huo wapo waliokuwa wanasema hewani maneno ya kuchoma, kwa lugha za nyumbani, kwa mafumbo, wakicheka. Niliyasikiliza. Mafumbo niliyajua, Mama. Mengine yalikuwa mizaha yangu, imevaa nguo nyingine.

Alasiri moja wakaja wazee watatu langoni. "Fundi, tunajua una ingine. Washa."

"Niwaambie watu nini?"

"Wewe washa tu. Kuongea tutaongea sisi."

Nilienda ghalani. Sitakudanganya, nilienda. Niliutoa mtambo, nikaupangusa, nikaunga waya mmoja kwenye betri. Wa pili ukiwa mkononi, nikaangalia kupitia nafasi ya mbao. Wafula alikuwa ameketi kwenye mlango wa chumba chake, redio yake ndogo sikioni, anazungusha kile kidude pole pole, kituo hadi kituo. Hakuwa anatafuta muziki. Alikuwa anatafuta kujua kama familia yake ilale hapa au ikimbie. Mizigo yao ilikuwa imefungwa kando yake. Nikaelewa kwamba nikigusisha ule waya, msikilizaji wangu wa kwanza atakuwa yeye, hatua thelathini kutoka mdomoni mwangu. Na sauti ya kwanza kumwambia akimbie itatoka kwa mwenye nyumba anayolala.

Nilirudi langoni nikawaambia, "Imeharibika."

"Fundi si ni wewe?"

"Ndiyo maana najua."

Wakaniangalia vibaya, wakaenda. Nikarudi nikauharibu kweli, nisije nikasema uongo mbele ya Mungu. Nilikata koili vipande vipande na koleo. Kisha nikaenda kwa Wafula nikamwambia mizigo aifungue, na kama kuna mtu atapita lango langu kumtafuta, atanikuta mimi kwanza. Alinishukuru. Halafu akasema, "Mzee, naomba kusema kitu na usinikasirikie. Ile siku Wairimu alichukua mtambo, mimi na Nekesa tulipiga magoti tukamshukuru Mungu."

"Na mbona ulikuwa unacheka, Wafula?"

"Wewe ndiye mwenye ploti."

Mama, nimepigwa mara kadhaa maishani, mara mbili na askari na mara moja na shosho yako kwa mwiko wa chuma. Hakuna iliyouma hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yako, mimi niliyeidhani kazi ya kuwinda antena. Enzi za shosho serikali ilikuwa inakagua masikio ya watu. Kisha ikawa inakagua midomo, nani aseme na nani asiseme. Wewe ulikuja na jambo la tatu ambalo sikuwahi kuliona kwa ofisi yoyote ya nchi hii: uliuliza yule wa mwisho kusikia anasikia nini. Dereva kwenye barabara. Nekesa na uchungu wake. Hata mfiwa ambaye tangazo lake lilikuwa bado mkononi mwangu, na sheria yote ikiwa upande wako. Ukalifanya hilo langoni kwa baba yako, wakati wengine wanalifanya kwa maskini wasiowajua na kuliacha kwa ndugu zao.

Mambo hapa yanakwenda mbio. Ngara wateja wananiuliza kama ni kweli televisheni itahamia dijitali, na kama antena zao zitakuwa za kuanikia nguo. Nawaambia ndiyo, na waanze kuanika mapema. Lakini simu ndizo zinazonitisha. Wakati ule wa ubaya ujumbe ulikuwa unaruka simu hadi simu, na hakuna mukima wa kuupandia kuutafuta. Kila mfuko sasa una redio yake na mtangazaji wake, na wengi wana elimu kama yangu. Mama yako anasema ofisi yenu inaandika sheria mpya za hayo na inakuhitaji. Anasema pia kwamba huko wamekuomba ubaki, na kwamba bado hujajibu upande wowote.

Sikuiti urudi. Nilidhani nitaandika kukuita, lakini nimegundua sina haki ya kukuwekea masharti tena. Ukirudi, utapata watu wa Kinoo wanakulaumu kwamba hawasikii vifo vizuri siku hizi, na utanikuta mimi ndiye ninayewalaumu wao. Ukibaki, chunga upepo wa hao Waskochi. Nasikia wanao mwingi na haujawahi kuchungwa vizuri.

Nilikosea kwa mtambo. Nilikosea zaidi kwa lile neno, na zaidi ya yote kwa kwenda kuangalia ng'ombe. Unisamehe.

Jarida litachapa maneno peke yake. Wewe nakutumia karatasi yenyewe niliyoiandika kwa mkono. Mwishoni, chini kabisa, kuna doa, na wino wa jina langu umetawanyika kidogo. Si mvua, wala posta hawajamwaga chai. Fungua viganja vyako, ulaze karatasi juu yake.

Ni mimi,
Baba yako