Punguzo la Shemeji Yako Limehamia Kwangu

Shamba la Brynglas,
Karibu na Tregaron,
Wales.
Jumatatu, 13 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Eirlys,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Natumaini huko New Zealand mu wazima, wewe na Trefor wako, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa kukamua ng'ombe umepoa. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kama iliyolipwa, kondoo wameshuka kutoka mlimani, na Mama anakula vizuri kule kwenye nyumba ya wazee, ingawa bado analalamika kwamba supu yao ya kondoo haina kondoo.

Najua nimekaa kimya. Usidhani nimekusahau. Kulikuwa na jambo ambalo sikutaka kuliandika kabla halijapata mwisho, maana ungekaa huko mbali ukilia peke yako. Sasa limekwisha salama na nimeshusha pumzi, kwa hiyo bandika maji ya chai jikoni, ukae nikusimulie.

Ni habari ya macho ya shemeji yako, na ya gari, na ya lile punguzo lake la bima.

Unamkumbuka Dilwyn na punguzo lake. Wanaume wengine hapa hujisifia kondoo dume, yeye hujisifia kwamba hajawahi kuidai kampuni ya bima hata peni moja. Kila mwaka unaopita bila madai wanampunguzia malipo, na siku ya kupiga simu kulipia bima huvaa tai yake ya kanisani, kana kwamba watamwona. Nilipokwaruza bampa kwenye nguzo ya lango la kanisa, hakudai. Alimpelekea fundi wa bodi nusu kondoo, mambo yakaisha. Maneno tu ndiyo hayajaisha mpaka leo.

Kosa letu ni la karibu kila nyumba ya huku. Gari ni moja na madereva ni wawili, lakini bima huandikwa jina la mume, mke akawekwa chini yake kama dereva wa ziada. Hakuna anayeuliza kwa nini. Mimi nimewapeleka watoto shule kwa gari hilo, nimempeleka Mama kanisani, nimevuta trela la kondoo mpaka mnadani Dilwyn alipolala na mafua. Ningegonga, punguzo lake lingeporomoka. Sikugonga, likakua, na likakua kwa jina lake peke yake. Jembe tumeshika wote, ghala likaandikwa la mmoja.

Basi, mwezi wa tisa, jirani yetu Hefin alifika mlangoni akiwa na tope mpaka kwenye masharubu. Dilwyn alikuwa ametoka tu mnadani, hata koti hajavua.

"Dilwyn, kama deni la zile mbao limekushinda, nimekusamehe," Hefin akasema. "Lakini usiniue, bwana."

Kumbe pale darajani Dilwyn alimpita na gari karibu mno, upande wa kushoto, mpaka Hefin akajirusha mtaroni.

"Sikukuona," Dilwyn akajibu.

"Na tumbo hili lote?"

Hefin alicheka, akanywa chai yake, akaondoka. Mimi sikucheka. Nilijua mume wangu anaficha jambo kwa jinsi alivyokuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari. Nikambana mpaka akasema. Tangu majira ya kuchipua daktari wa macho alikuwa amemwambia kwamba upande wa kushoto unafifia na asishike usukani tena. Hakumwambia mtu. Na miezi yote hiyo nilikuwa nimekaa pembeni yake kwenye ile barabara ya mlimani, wajukuu wakiimba kiti cha nyuma.

"Kwa nini hukuniambia, Dil?"

"Punguzo, Menna."

"Punguzo gani, wewe mzee? Ungeua mtu."

"Nikirudisha leseni, bima yangu inakufa, na punguzo linakufa nayo. Wewe watakuhesabu huna kitu. Gari hutaliweza. Kwa mama yako utafikaje?"

Eirlys, nilikasirika nikavunja kikombe, kile cha Mama chenye maua, na ukimwandikia usimwambie. Mtu alikuwa akiendesha nusu kipofu ili mimi nisikose gari. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, na sikujua nianze na lipi. Nikachukua ufunguo nikauzika kwenye kopo la unga. Hakuugusa tena.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kuhusu bima hakukosea sana. Ile yake ilikuwa inakaribia kuisha, nikapiga simu kampuni nyingine kuomba bei kwa jina langu. Wakaniuliza nina miaka mingapi ya kutodai. Nikasema yote ya mume wangu. Hiyo ni yake, wakasema, wewe huna. Nywele zangu zimeota mvi kwenye usukani, nao wakanipangia bei ya kijana aliyepata leseni jana. Bei yenyewe iliipita thamani ya gari letu, trela likiwamo.

Na bila gari hapa unajua ilivyo. Mama ningekuwa nikimwona kwa nadra kama theluji ya Pasaka, na hizo sindano za macho anazochomwa Dilwyn kule Aberystwyth kila mwezi, sijui angezifuata kwa usafiri gani. Nilianza kuamka nikiwa nimechoka.

Hefin, kwa nia njema tu, akatushauri. "Acheni jina la Dilwyn palepale. Wewe endesha, Menna. Nani atajua?"

"Watajua siku nikimgonga mtu," nikamwambia. "Hapo watasema tuliwadanganya, wakatae kulipa, na shamba liende. Kunywa chai yako, Hefin."

Ni Dilwyn mwenyewe aliyeinuka siku ya pili. Alivaa tai. Alikuwa amekwisha kuituma leseni yake kwa posta bila kuniambia. Akaweka simu mezani kwa sauti ya juu ili nisikie, akamwambia dada wa kampuni yetu ya bima ukweli wote, macho na yote. Yule dada akauliza kama mimi ni mke wake wa ndoa. Ndiyo. Kama nimekuwa kwenye bima hiyo muda wote. Ndiyo. Kama yeye ameacha kuendesha kabisa. Dilwyn akasema ndiyo.

"Basi tunaweza kumhamishia," dada akasema. "Lakini nikufahamishe, mzee. Nikishampa yeye, wewe hutabaki hata na mwaka mmoja, na hairudi."

Nilimtazama. Tangu tuoane nimemwona akililea lile punguzo lake kama mwana-kondoo asiye na mama. Aliilegeza tai yake.

"Mpe yote," akasema. "Nusu ya punguzo hilo ilikuwa ya Menna siku zote."

Nilitoka nje nikajifanya natazama kuku. Nililia mpaka nikatulia, na nilipoingia ndani bima ilikuwa kwa jina langu, kwa bei tunayoiweza.

Yule dada alituambia si kila kampuni hukubali, na kwamba sisi tumebahatika. Kwa hiyo tazameni na nyinyi, gari lenu mnaloshirikiana limeandikwa kwa nani. Sijui huko hufanyaje, lakini uliza sasa, mkiwa wazima, msingoje mpaka jirani arukie mtaroni.

Jana niliendesha mimi mpaka kanisani. Shemeji yako alikaa kushoto akikanyaga breki isiyokuwapo katika kila kona. Tulipofika langoni akashuka, akaenda kusimama kando ya ile nguzo, akaanza kunielekeza kwa mkono kama kawaida yake. Mkono ulikuwa ukinipeleka kwenye kaburi la marehemu mchungaji. Nilitumia macho yangu nikamwacha apunge.

Watu walikuwa wamesimama mlangoni. Hefin akaita, "Dilwyn, leo umelileta gari lako bila kuua mtu?"

"Gari la Menna," akajibu. "Mimi abiria." Kisha akanitafuta kwa mkono, akanishika kiwiko, tukapanda zile ngazi taratibu mbele ya kanisa zima. Tangu macho yaanze kumsumbua, hiyo ndiyo mara ya kwanza amekubali kuongozwa.

Msalimie Trefor, na watoto wenu Gwenno na Iolo mdogo; Iolo mwambie mama yake mkubwa anamfumia soksi. Mama anakukumbuka kila nikienda, na sasa nitakuwa nikienda kila Alhamisi. Dilwyn anakusalimu mno na anasema ukija atakupokea uwanja wa ndege, ila mimi ndiye nitakayeendesha.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, atupe macho ya kuonana tena.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,
Menna