Nafasi Aliyoiachia Raelyn

Opaline Stidham,
Kijito cha Sparrow Lick,
Kentucky.
Alhamisi, 4 Mei 2023

Mpendwa mdogo wangu Verna,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa kitako maana ni nyingi. U hali gani huko Oregon na mvua zenu zisizojua kukatika? Na goti je, lile la kushoto? Yale mafuta niliyokutumia umeyapaka, au umeyatupia kabatini kama ulivyokuwa ukifanya na dawa za kikohozi za Mama? Nakujua mimi.

Huku tumeamka. Jino langu la mwisho la juu limeng'oka lenyewe wiki ya Pasaka nikitafuna mkate wa mahindi, wala sikusikia kitu. Kuku wamebaki saba, wengine kachukua mbweha. Kijito kilijaa mwezi wa tatu kikafika kwenye ngazi ya pili, kikaona aibu kikarudi. Mashine ya kusafisha damu bado naenda, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa mpaka saa moja jioni. Nikitoka pale miguu yangu ni kama ya mtu mwingine.

Anayeandika ni Imogene, jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, yule aliyefundisha darasa la tatu mpaka akastaafu. Mimi na kalamu unajua hatujawahi kupatana. Siku zote barua zako ananisomea Raelyn na majibu anaandika yeye. Hii hapana. Hii Raelyn asiione wala asiisikie, na utanijibu kwa simu tu. Piga Jumanne, saa nne asubuhi ya huku, yeye atakuwa shule. Huko kwenu itakuwa saa moja, kwa hiyo kunywa kahawa yako kwanza.

Sasa ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia, na Imogene naye ni mwepesi, karatasi italowa.

Unajua mtoto huyu wa marehemu Darla wangu anaimba tangu hajaota meno. Kanisani kwetu, kama unavyokumbuka, hakuna kinanda wala gitaa, mzee anatoa mstari wa wimbo na sisi tunaurudia kwa kuuvuta. Basi yeye alikuwa na miaka sita, ile wiki tuliyomzika mama yake, akauvuta ule mstari watu wazima wakanyamaza. Tangu hapo nilijua huyu si wa kukaa. Alipofika sekondari akaanza na ile michezo ya jukwaani, ya kuigiza na kuimba na kucheza vyote kwa pamoja, akasema ndiyo atakayosomea chuo. Nikasema haya. Kumbe kuna vyuo vya hiyo, na kuvipata ni kama kumvua samaki kwa mkono. Unajirekodi, unawatumia. Wakikupenda wanakuita uimbe mbele yao. Watoto maelfu, na chuo kinachukua kumi na sita.

Mwezi wa pili tukaenda Chicago, mimi na yeye, kwa basi. Vyuo vyote vinakwenda kukaa kwenye hoteli moja siku chache, na watoto wanazunguka mlango hadi mlango na namba kifuani. Mashine niliombewa siku mbili hospitali ya hukohuko. Verna, ile hoteli! Kwenye ngazi za dharura, kila ghorofa, mtoto anaimba. Ghorofa ya tatu analia kwa wimbo, ya nne analia kweli. Mabinti wote wamevaa magauni ya rangi kali, mmoja njano, mmoja nyekundu, eti ili waalimu wawakumbuke. Mama mmoja pale kwenye viti akaniuliza, "Wako ni yupi?" Nikamwambia, "Yule wa bluu, anayekula." Maana Raelyn akiwa na woga anakula. Alimaliza biskuti zote nilizobeba.

Kulikuwa na chuo kimoja, cha mbali kule mashariki, masaa kumi na moja kwa gari kutoka hapa, ndicho alichokuwa anakiota tangu darasa la tisa. Akaingia chumbani kwao. Kuna mpiga kinanda wa kwao, humjui, unampa karatasi zako na yeye anapiga. Sasa Raelyn alikuwa amekata wimbo ubaki kipande, akabandika kurasa mbili kinyume, ya pili mbele ya ya kwanza. Yule mpiga kinanda akaupoteza wimbo. Mtoto wa mwingine angesimama akaomba radhi. Raelyn akafanya kama tunavyofanya kanisani: akainua mkono kidogo kumnyamazisha, akauvuta mwenyewe bila kinanda mpaka mwisho. Alitoka mweupe kama chaki. "Bibi, nimeharibu," akasema. "Nimemnyamazisha mtu wao!" Nikamwambia, "Kama alikuwa anakosea, umemsaidia."

Siku ileile kwenye usaili wa kucheza, binti mmoja wa Wisconsin aitwaye Marta alikatikiwa kamba ya kiatu. Raelyn alikuwa amemaliza zamu yake, akamvulia vyake, yeye akakaa kwenye zulia na soksi. Mwezi wa tatu mama yake Marta akavirudisha kwa posta, ndani kaweka na chokoleti. Usisahau huyo Marta.

Tukarudi kwa basi. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo, Verna. Mtoto alikuwa na furaha, anaongea hapumui, chuo kile hiki, waalimu wale vile, chumba cha vioo, jukwaa linalozunguka. Mimi nilikuwa nimechoka, miguu imevimba. Nikacheka, nikasema, "Na mimi kwenye mashine atanipeleka nani, Marta?" Utani tu. Akacheka na yeye. Halafu akageukia dirishani, na mpaka tunapita Indianapolis hajasema neno.

Maana anayenipeleka ni yeye. Anatoka shule, ananipakia kwenye pikapu ya marehemu mume wangu Orville, dakika arobaini za kona. Kuna gari la wilaya, lakini theluji ikianguka au kijito kikijaa haliji huku juu, na mashine haingoji theluji iyeyuke. Ananisubiri mlemle ndani ya pikapu masaa manne, anafanya mazoezi. Wauguzi wanafungua dirisha kidogo wamsikie. Mmoja alimwambia, "Binti, ule wimbo wa juzi haukuisha!" Akajibu, "Bibi yangu ndiye aliyemaliza mapema, mlaumuni yeye."

Mwisho wa mwezi wa tatu majibu yakatoka. Vyuo tisa, hapana. Chuo cha hapa karibu, saa moja na nusu kwa gari, ndiyo. Wana mwalimu mmoja anayefundisha kucheza na pia ndiye anayeshona mavazi. Watu wazuri, sisemi. Nikamuuliza, "Na kile cha mashariki?" Alikuwa amenipa mgongo, anaosha sufuria. Akasema, "Wamenikataa, Bibi. Ndivyo ilivyo."

Nikamshika. Nikasema hawana masikio hao. Jumapili nikakitukana chuo kile mbele ya mchungaji, nikasema Mungu atakishusha. Na moyoni, Verna, Imogene andika hivyohivyo usinipambie, moyoni nilifurahi. Niliweka maharage jikoni nikajikuta naimba. Nikasema asante Bwana, atakuwa anakuja kulala nyumbani.

Tarehe ishirini ya mwezi wa nne ikaja kadi. Ina jina langu mimi, Bi Opaline, siyo la Raelyn. Nikaipeleka kwa Imogene anisomee, nikidhani ni ya watu wa bima. Ilitoka kwa mama yake Marta. Kaandika ananishukuru kwa malezi. Anasema mwanawe alikuwa kwenye orodha ya kusubiri ya chuo kile cha mashariki, na hakuna aliyekuwa na tumaini. Halafu Raelyn akampigia akamwambia, mimi wamenichukua, na ufadhili wamenipa, lakini siendi, leo naiachia nafasi yangu, waandikie upesi kwamba bado unaitaka. Hawa watoto wana desturi hiyo, Verna. Ukijua hutakwenda, huikalii nafasi, unaiachia mapema ili mwenzio aitwe. Marta kaitwa baada ya siku nne. Mama yake anasema wanaombea afya yangu kila usiku, maana Raelyn aliwaambia sababu ya kubaki ni bibi yake mgonjwa.

Imogene alinisomea mara mbili. Ya tatu nikamwambia basi.

Nilitaka kumngoja mlangoni na ile kadi. Imogene akanishika, akasema, "Opaline, tupige simu kwanza." Tukapiga chuoni. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya upole. Nikamwambia mimi ndiye bibi, na mimi ndiye mgonjwa, na kumetokea makosa, mtoto aliacha nafasi bila kuniuliza. Akasema, "Mama, pole. Darasa limejaa." Nikasema weka kiti cha kumi na saba, ataketi hata kwenye ndoo. Akasema haiwezekani, lakini akaniambia wanamkumbuka, yule aliyeimba bila kinanda. Akasema anaweza kuja tena kwenye usaili mwezi wa pili mwakani kama mtoto mwingine yeyote, akipita ataanza mwaka wa kwanza. Hakuahidi kitu. Nilimshukuru. Sikuwa na la kumtukana.

Sasa niambie ningefanya nini. Nikimwambia najua, atabeba mzigo wangu juu ya wake. Yeye amekosa chuo, amedanganya, ameosha sufuria, yote ili mimi nisijue. Nikijua, amebakiwa na nini? Nimenyamaza. Wiki mbili namtazama akikunja nguo. Anaimba kidogo siku hizi. Muuguzi ameniuliza kama koo linamsumbua.

Jumapili iliyopita kanisani ilikuwa siku ya kuvaa sweta za vyuo, kama wanavyofanya kila mwaka. Waliovaa walikuwa wanne. Kijana wa akina Sizemore na ya ufundi, mapacha na za uuguzi, na Raelyn na ya chuo cha hapa karibu, ya kijani. Nilioka keki ya tufaha, tabaka saba, kama ya Mama. Mchungaji akapaza sauti, "Wale wa mashariki wamepata hasara yao, si ndiyo, dada Opaline?" Watu wakacheka. Raelyn akacheka. Akanitazama mimi aone kama nimecheka, na mimi nikacheka. Nilikata keki, nikala kipande kizima, na sikusikia utamu wowote.

Sasa nasema lile ambalo hatujawahi kulisema. Mwaka ule sitini na tisa, wewe ulipopanda basi na lile sanduku, mimi pia nilikuwa na sanduku. La bluu. Nilikuwa nimepata kazi kiwandani Dayton, hukujua. Nilimwambia Mama Ijumaa jioni. Hakusema baki. Mama hakuwahi kumwambia mtu baki. Alisema tu, "Na makaa atanibebea nani?" Akaendelea kumenya viazi. Nikabeba makaa miaka kumi na moja mpaka tulipomzika. Ulikuja mazishini na kofia nzuri, nikakwambia sina kinyongo. Nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho mpaka nywele zikawa nyeupe. Na sasa mdomo huuhuu, kwenye basi, umesema maneno ya Mama kwa sauti ya Mama, na mtoto ameyasikia kama nilivyoyasikia mimi.

Kinyongo kimekwisha, nakuambia ukweli, kwa sababu sasa nakihitaji kile ulichokuwa nacho wewe, kile cha kuthubutu kupanda basi, akipate yeye.

Basi sikiliza. Mwanao Curtis ni mtu mzima, ana mke anayempikia. Wewe una nyumba ya vyumba vitatu na paka. Umeendesha basi la shule miaka thelathini kwenye barabara zenye barafu, ukirudisha watoto wa watu kwao. Nakuomba urudi nyumbani. Siyo kutembea, siyo Krismasi. Uje mwezi wa nane kabla chuo hakijafungua, ukae, uwe unanipeleka kwenye mashine mpaka mimi na mashine tuachane. Mtoto alale bwenini na wenzie, aimbe, mwezi wa pili apande tena basi la Chicago, na safari hii asiwe na mtu wa kumsingizia. Akikataliwa, amekataliwa yeye, siyo mimi niliyemkatalia. Tutamwambia ni wewe uliyechoka na mvua. Ataamini, kila mtu anajua unalalamika.

Chumba cha mbele nimekifagia. Kitanda ni kilekile tulicholala wote, nimebadilisha godoro. Ukisema huwezi, useme waziwazi, usizungukezunguke. Nitaelewa, au nitajifanya. Lakini sijakuomba kitu tangu ulipoondoka, Verna, hata ulipokuwa nacho na mimi sina, na hiki nakuomba.

Nisalimie Curtis na mkewe Loretta, na yule mjukuu wao niliyemwona kwenye picha amekaa ndani ya beseni. Imogene anakusalimu, anasema alikufundisha kushona ukakataa. Raelyn angekusalimu kama angejua ninaandika. Akikupigia wiki hii kukuambia habari ya chuo, mpongeze, mshangilie mpaka simu ipasuke.

Bwana akushike mkono kwenye zile ngazi zako za mbao zenye utelezi, akulaze salama na akuamshe na nguvu.

Wako akupendaye, tangu kitanda kimoja mpaka leo,
dada yako
Opaline