Kipande Kimoja Hakigeuki Peke Yake

Kaka yangu Odhiambo,

Nimeupakata ule mchemraba wako wa rangi, wa kuzungusha mpaka kila upande uwe rangi moja, ule ambao ulimbembeleza Mzee Salim wa dukani Suna siku tatu nzima ndipo akakubali kukuuzia.

Unakumbuka ulivyonifundisha vipande vya mwisho, vile vya ukingoni? Mimi nilizungusha hovyo, wewe ukinicheka. "Nyaminwa, wacha haraka. Kipande moja haigeukangi peke yake. Tafuta mwenzake, ugeuze zote mbili pamoja." Nawe ulimaliza kwa mizunguko michache tu, mimi bado natafuta pa kuanzia. Nilikuonea wivu, nakiri.

Kisha jiwe likakupiga kichwani kule Masara, shimoni, ulipokuwa ukichimba dhahabu upate karo ya chuo cha ualimu. Ulipopelekwa kulazwa Homa Bay ulikataza mtu yeyote asiuguse mchemraba. Niliugusa. Kipande kimoja cha ukingoni kikachomoka, nami nikakisukuma ndani upesi kabla mama hajaingia, bila kuangalia rangi ipi inatazama wapi.

Uliporudi ulisema utajipima akili kwa mchemraba kwanza, ndipo uende chuoni. Siku nne ulihangaika nao kibarazani. Kila mara kilibaki kipande kimoja kimegeuka, peke yake. Nilikiona. Nikakumbuka maneno yako, nikaelewa papo hapo kwamba nilikirudisha kinyume, na kosa ni langu.

Wewe ukamwambia mama, "Hii kitu haijaharibika. Ni kichwa yangu. Sasa nitafundisha watoto wa watu hesabu gani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria ya uji. Niliutua uji, nikarudi jikoni. Niliogopa kugombezwa, kaka, basi, hakuna zaidi ya hapo! Jumatatu ukarudi Masara, na shimo likakufukia.

Mama bado husema lile jiwe la kwanza ndilo lililokuua, kwamba lilikuvuruga akili ukaacha chuo. Huwa naitikia. Nimechoka kuitikia, na bado sijamwambia.

Leo asubuhi nimekichomoa kile kipande kwa ncha ya kisu, nikakigeuza, nikakirudisha. Sikuzungusha hata mara moja. Pande zote sita zilikuwa zimekaa sawa; ulikuwa umemaliza kila kitu ila kile kipande.

Kichwa chako kilikuwa kizima, kaka. Pumzika ukijua hivyo.

Nyaminwa,
niliyeugusa