Njia ya Mto Ilipofika Lurujo

Jumamosi, 8 Februari

Mito yote ya West Nile inanijua kwa jina. Mutu kama mimi iko mmoja tu.

Nimeswali alfajiri, chai, mandazi mawili, nikashuka mto Enyau na panga. Kazi ya kila siku. Tunafyeka njia ya miguu kando ya maji, kuanzia hapa Awindiri. Watoto wafike shule bila kugongwa na boda, wageni waje waone ndege na waache kitu kijijini. Wafyatua matofali walikataa njia ipite kwenye udongo wao. Niliongea nao dakika kumi, wakahama. Kweli, tanuri lao lilikuwa limeshazimika na matofali yameshauzwa, lakini nani atauliza.

Kipande cha Logiri tayari. Kimebaki cha Lurujo, kule Koboko. Vipande vitatu, mpango mmoja, Arua na Koboko pamoja. Ushirika wetu wa njia una msikiti ndani, una kanisa ndani, una wafanyabiashara wa Sudan Kusini ndani. Karani wake ni Sauda, binti wa kaka yangu, amesoma mpaka Kampala. Yeye anaandika. Mimi ndiye injini.

Jumapili, 9 Februari

Sauda kasema kamati inakaa Jumamosi, na wafadhili watakuwepo. Kijiji ambacho hakijaweka dole gumba kwenye karatasi ya makubaliano kinafutwa kwenye ramani. Lurujo bado.

Mama yangu alizaliwa Lurujo. Kitovu chake kiko kule. Njia ya mto bila Lurujo? Mimi nikiwa hai, hapana. Nimemwambia Sauda alale usingizi.

Jumatatu, 10 Februari

Lurujo. Nimekwenda na Lado, mwalimu aliyekimbia vita kutoka Yei, Sudan Kusini, akabaki kwetu. Yeye ndiye anashika kamba ya kupimia. Njiani nimemsimulia babu yangu, askari, alivyovuka mto huu umefurika, bunduki mbili bega hili, mke bega lile, punda kichwani. Lado akauliza punda alikuwa anaangalia upande gani. Hawa watu wa Yei hawana adabu na historia.

Tumechomeka vigingi arobaini, vichwa vyekundu, mstari umenyooka kama gwaride. Kando ya maji kulikuwa na vidimbwi vidogo vimezungushiwa mawe, maji meusi, harufu kali. Nikasema ni vya ng'ombe. Lado akasema tuulize watu. Nikasema mimi mwenyewe ni mtoto wa hapa, nimuulize nani?

Vigingi vimepita katikati ya vidimbwi. Kazi safi.

Jumanne, 11 Februari

Mambo yameharibika.

Vigingi vyote vimeng'olewa. Vimepangwa mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji kama kuni za kuuza. Vile vidimbwi ni vya wanawake. Humo ndimo wanaloweka muhogo siku tatu, nne, mpaka ulainike na uchungu utoke. Kila nyumba ina chake. Mama mkwe anamwachia mkaza mwana. Mwanamume hatii mguu. Nimekula enyasa tangu meno yalipoota, huo ugali wetu wa muhogo, na sikuwahi kujiuliza muhogo unalala wapi kabla ya kufika sahanini.

Mkubwa wao anaitwa Mama Poni. Ametuma maneno kwa simu ya mwenyekiti: "Ambia huyo mzee ya Arua, kama iko nataka njia, apitishe kwa jiko ya bibi yake."

Nimeona aibu. Basi.

Jumatano, 12 Februari

Sauda hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema taratibu:

"Amu, kwenye karatasi nimekuandika wewe kuwa mtu wa Lurujo. Jumamosi wataniuliza mimi."

Akafunga faili. Mkataba wake unaisha mwezi huu, na iko watu kwenye kamati wanaotaka kiti chake. Mimi ndiye nimewapa fimbo.

Kesho nakwenda peke yangu. Kanzu nimepiga pasi mwenyewe.

Alhamisi, 13 Februari

USHINDI.

Mama Poni ameweka dole gumba. Wenzake wote kumi na mmoja wameweka. Nilisimama mbele yao nikaongea kama redio. Nikaanza na babu, nikaja kwa marehemu mama, nikamalizia na dua. Walitokwa machozi, wallahi.

Njia itapita juu, penye kichuguu na mawe, vidimbwi vibaki na wenyewe. Hapo juu tunaweka benchi, wanawake wawauzie wapitaji chai na muhogo wa kuchemsha. Na njia watailima wenyewe na watu wao, kazi ya pamoja, kesho. Ila kazi ya namna hiyo kwa desturi ya huku inalipwa kwa pombe, na mimi Mwislamu. Nimempigia Lado. Kasema watu wa kanisa lake watashughulika na mtungi, mimi nishughulike na mbuzi. Mbuzi wawili. Huo ndio ushirika.

Ijumaa, 14 Februari

Majembe zaidi ya hamsini. Nilijiweka kwenye kivuli nisimamie. Mama Poni akaja na jembe la pili mkononi.

"Wewe iko simamia nani? Sisi najua kulima. Shika."

Nikashika. Nikaenda kuswali Ijumaa, nikarudi, jembe bado linanisubiri. Mgongo si wangu tena. Saa kumi tukakutana na wale waliokuwa wanalima kutoka upande wa pili. Njia imeungana. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikaa chini.

Jumamosi, 15 Februari

Ramani iko ukutani. Mstari wa buluu, vipande vitatu, Lurujo imo. Wafadhili wamekubali yote. Sauda ameongezewa mkataba. Wale waliotaka kiti chake walipiga makofi ya vidole viwili.

Alisimama akasema, "Lurujo ilifunguliwa na baba yangu mdogo." Mbele ya watu wote. Nikasimama. Nikaeleza robo saa. Mgeni mmoja akauliza niliwaambia nini hasa wale akina mama. Nikajibu kwamba maneno kama yale mtu hayasemi mara mbili.

Nimerudi Awindiri kwa miguu, polepole, ili kila mtu apate nafasi ya kunisalimia.

Jumatatu, 17 Februari

Kimya leo. Sauda alipita asubuhi. Anataka niiandike ile hotuba iwekwe kwenye faili, isaidie vijiji vingine. Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri.

Hotuba haikuwepo. Nilifika, nikasema "Mama zangu," nikarudi hatua moja nyuma niwaone wote vizuri, nikatumbukia kwenye kidimbwi cha Mama Poni. Nimekaa kitako, maji yakanifika kifuani. Walicheka mpaka wakakaa chini, machozi yanawatoka. Yeye ndiye alinivuta kwa ukosi. Yeye ndiye alisema njia ipite juu, wazee wasije kufia kwenye muhogo. Hata benchi ni wazo lake.

Mke wangu ameifua kanzu mara tatu. Bado inanuka.